KUKU WA MJI: MANENO KWA WAFUGAJI WAPYA

(Haya yalisemwa na Kamati ya Mifugo Midogo mbele ya mkutano wa wanaushirika, mwezi Mei, baada ya mavuno. Tumeyaandika hapa ukutani kwa ajili ya waliokuwa shambani siku ile, na kwa wale walioomba wayasome tena polepole.)



Tumepewa nafasi tuseme na wafugaji wapya. Mwaka huu ni wengi. Alizeti imeuzwa, senti kidogo zimeingia, na kila anayetoka mnadani tunamwona ameshika kuku wawili miguu juu kichwa chini. Ni jambo jema. Mkoa wetu wa Singida una jina kwa kuku wa kienyeji. Matenga yetu hupanda mabasi yakapita Manyoni na Dodoma mpaka Dar es Salaam, na huko mjini mtu akisema kuku wa Singida hana haja ya kueleza zaidi. Lakini jina hilo halimlishi mtu. Tumekuwa tukiona miaka nenda rudi: mtu ananunua kuku mwezi Mei, ikifika Oktoba uani kwake yamebaki manyoya. Ndiyo maana kamati ikaomba isikilizwe sasa, kabla ya kiangazi hakijakolea.

Kwanza huo ununuzi wenyewe. Ndugu zetu wapya wengi wanaanza na kuku wengi mno. Mtu hajawahi kulisha hata kifaranga, ananunua kumi na tano siku moja, kutoka kwa watu saba tofauti. Sisi tunasema anza na matembe watano na jogoo mmoja. Tembe tunayoisema hapa ni kuku jike ambaye hajataga bado, siyo nyumba ya udongo ya wazee wetu. Jogoo mmoja anatosha majike kumi, hivyo huyo mmoja atakutosha hata wakiongezeka. Jogoo asiwe ndugu wa hayo matembe. Na akishakaa mwaka mmoja, badilishana na mtu wa kitongoji kingine, maana akianza kupanda watoto wake mwenyewe utaona vifaranga dhaifu, wengine vidole vimepinda, na mayai viza mengi.

Ukimkagua kuku, mwangalie macho kwanza, yawe makavu na yang'ae. Mwinue mkia: kama manyoya ya nyuma yameganda kinyesi, mrudishe kwa mwenyewe. Mshike kidari, usikie nyama na siyo mfupa peke yake. Halafu usimfungulie kati ya kuku wengine siku ile ile. Mtenge majuma mawili, mahali pake, na chombo chake cha maji. Hili watu hawalipendi, wanaona ni usumbufu, lakini mgeni akiwa amebeba ugonjwa, utajionyesha katika siku hizo ukiwa kwa mmoja, siyo kwa wote.

Siku hizi wanapita pia wachuuzi wa vifaranga vya chotara, Kuroiler na Sasso, wamewabeba kwenye maboksi. Hatuwakatazi. Kuku hao wanakua upesi na wana mwili. Ila mfugaji mpya ajue mambo mawili. Wanakula sana, ukiwaachia wachakure tu kama hawa wetu, hutaona huo ukubwa uliousikia. Tena majike yao si waatamiaji, kwa hiyo mayai yao utayatafutia kuku wa kienyeji wa kuyalalia au mashine. Ukitaka kujifunza, jifunze kwanza na hawa wa kwetu, wanaojua kukimbia mwewe.

Sasa mahali pa kulala. Wengi wetu kuku wanalala jikoni au chumba cha mbele, kwa kuogopa wezi na vicheche. Tunaelewa. Lakini kinyesi cha kuku ndani ya nyumba ni ugonjwa kwa watoto wanaotambaa, na moshi wa jikoni si mzuri kwa mapafu ya kuku. Banda halihitaji fedha. Miti, udongo, na nyasi za kuezekea, hayo yote tunayo. Liinue kutoka chini kiasi cha goti au zaidi, sakafu iwe ya fito zilizokaribiana ili kinyesi kidondoke chini ukizoe kwa bustani. Upande upepo mkali unakotokea uzibe kwa udongo, upande mwingine acha nafasi hewa ipite. Weka miti ya kupumzikia, maana kuku hapendi kulala chini. Mita moja ya mraba inatosha kuku watano wakubwa. Mlango ufungwe kila jioni, kila jioni kabisa, kwa sababu kicheche hana mapumziko.

Chini ya banda, au pembeni kwenye kivuli, weka shimo dogo la majivu na mchanga mkavu. Kuku wataoga humo wenyewe na wadudu watapungua. Wale viroboto wanaonata kuzunguka macho na kwenye kishungi, ambao kiangazi chetu kinawapenda, wapake mafuta ya kupikia au mafuta mazito ya kujipaka; wanakosa hewa wanaachia. Angalia yasiingie jichoni. Tafadhali sana, dawa za pamba na za ghalani msiwapake kuku. Kuna watu wanafanya hivyo, wanaua wadudu na kuku pamoja, kisha anayekula kuku huyo naye anakula sumu.

Chakula. Kuku wetu anajitafutia, ni kweli, na ndiyo faida yake. Wakati wa masika anapata panzi, kumbikumbi, majani mabichi, nafaka zilizomwagika. Lakini kuanzia Agosti nenda uani ukaangalie anachakura nini. Vumbi. Basi muongezee kidogo asubuhi kabla hajatoka na jioni anaporudi. Akizoea cha jioni atarudi bandani mwenyewe, hutamfukuza. Pumba za mahindi au mtama ni chakula cha nguvu, lakini hazijengi mwili. Cha kujenga mwili tunacho hapa hapa: mashudu ya alizeti. Mashine ya kukamua ipo njiani tunakopita, na mashudu watu wanayaachia wenye ng'ombe! Kwa vifaranga, kopo sita za pumba laini, kopo mbili za mashudu yaliyotwangwa, na kopo moja ya dagaa waliotwangwa, huo ni mchanganyiko mzuri. Kwa wakubwa dagaa wanaweza kupunguzwa. Maganda ya mayai yakaange, yasage, uwape wanaotaga, wapate chokaa. Usiyatupe mazima, watajifunza kula mayai yao. Mchwa nao ni nyama ya bure: chukua chungu kilichopasuka, jaza samadi kavu na mabua uliyoyalowesha, kifudikize juu ya tundu la mchwa jioni, asubuhi kiinue uwamwagie vifaranga.

Jambo moja hatulifanyii mzaha. Mahindi na karanga zenye ukungu watu husema "hizo ni za kuku." Hapana. Ukungu ule unatoa sumu inayoitwa sumukuvu, na kuku inamharibu ini kama inavyomharibu binadamu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu wa jirani zetu wa Dodoma na Manyara. Nafaka iliyooza ni ya kufukia.

Maji yawepo kutwa. Kuku wa kiangazi anakufa kwa kiu huku mwenyewe anatafuta dawa. Chombo kioshwe kila siku. Kwa vifaranga kiwe cha bapa, weka na vijiwe ndani, wasitumbukie wakafa maji.

Tuje kwenye utotoaji, ambako ndiko faida ilipo na ndiko inakopotelea. Kuku wetu hutaga mayai kumi hadi kumi na tano, kisha anaingia kuatamia siku 21. Mtengenezee kiota gizani, chungu kipana au kikapu chenye mchanga kidogo na nyasi kavu juu, na majivu kidogo chini kwa ajili ya utitiri. Mayai ya kuatamishwa yakusanywe kila siku, yaandikwe tarehe kwa penseli, yakae mahali pa baridi, ncha nyembamba ikitazama chini. Yai lililokaa zaidi ya siku kumi tulile tu, uwezekano wake wa kuanguliwa umepungua. Yasioshwe. Kuku mdogo mpe kumi, mkubwa kumi na matatu; ukimpa ishirini kwa tamaa, ya pembeni yatapoa na yote yatavurugika.

Siku ya saba usiku, chukua tochi, hata hii ya simu, funika kwa mkono ubakize tundu dogo, weka yai juu yake. Ukiona mishipa myekundu imetawanyika kama mizizi, lina kifaranga. Ukiona jeupe tupu, halina kitu, litoe. Wenye kuku wawili wanaotaka kuatamia pamoja wana bahati: waanzishe siku moja, na baada ya kuangua vifaranga wote mpe mmoja alee, yule mwingine arudi kutaga. Vijana wapya hilo mlishike, maana hapo ndipo hesabu inapobadilika. Kuku akitaga majuma matatu, akaatamia majuma matatu, kisha akalea miezi mitatu, kwa mwaka mzima hawezi kuzidi mara tatu. Ukimtenga na watoto wakiwa na umri wa wiki nne au tano, anaweza kufika mara nne au zaidi bila kumwongeza kuku hata mmoja.

Lakini ukimtenga, wewe ndiwe mama. Tunasema hivyo kwa sababu wapo waliosikia nusu ya maneno haya, wakawatenga vifaranga wa wiki moja, usiku wa Juni wenye baridi ya kwetu ukawamaliza. Kifaranga mdogo hana manyoya ya kuhimili. Wiki nne za mwanzo awe chini ya mama yake, au uwe na chumba chenye joto. Ukitumia jiko la mkaa, hewa iwe na pa kutokea, na watenge na moto. Watazame: wakirundikana wanasikia baridi, wakikimbilia ukutani na kutweta wamezidiwa na joto, wakitawanyika wakilia kidogo kidogo, hapo wako sawa.

Hao walio na mama yao, wiki hizo za mwanzo wasizurure. Mama mweke chini ya tenga kubwa kivulini, vifaranga watapita kwenye matundu na kurudi, na chakula chao uweke wasikofikia wakubwa. Hebu tujiulize, kuku ameangua kumi, baada ya miezi miwili wako watatu. Saba wamekwenda wapi? Mwewe mmoja, nguchiro wawili, mmoja alitumbukia, mmoja alikanyagwa na mbuzi, wawili walilowa na umande asubuhi. Hakuna aliyelogwa hapo. Tenga moja la fito lingewaokoa karibu wote.

Magonjwa ni mengi, hatutayamaliza leo. Kuhara damu huwapata vifaranga, hutokana na uchafu na unyevunyevu. Kausha banda, badilisha maranda au nyasi, na dawa yake ipo kwa bwana mifugo. Ndui ya kuku huleta vipele kwenye kishungi na machoni. Chanjo yake huchomwa kwenye bawa, mwuulizeni mtaalamu.

Sasa mdondo. Wengine huuita kideri. Wazungu waliuita Newcastle, kwa jina la mji wa Uingereza ulikoonekana mwaka 1926. Mwaka huo huo ulionekana pia Java, huko Indonesia. Kwetu hapa hauhitaji maelezo marefu kwa wakongwe, lakini wapya sikilizeni. Kuku anasinzia, mabawa yanalegea, anaharisha kijani, anakoroma au anahema mdomo wazi. Wengine shingo inapinda, anatembea kinyumenyume. Uani mwenye kuku ishirini wasiochanjwa, baada ya juma moja anaweza kubaki na mmoja au asibaki na hata mmoja. Dawa ya kutibu haipo. Tunarudia: haipo. Shubiri mwitu, pilipili, majivu ya kwenye maji, vidonge vya watu vya kuharisha, vyote vimejaribiwa hapa kijijini na kuku wakafa. Hatuwacheki waliojaribu, maana mama anayeona ada ya mtoto inakufa uani hawezi kukaa kimya.

Kinga ndiyo iko, nayo ni chanjo ya matone, I-2. Asili yake ni Australia, katika Chuo Kikuu cha Queensland, walikoitafuta kwa ajili ya vijiji kama vyetu ambako jokofu ni taabu. Inastahimili joto kuliko chanjo nyingine, ingawa jua linaiua. Siku hizi inatengenezwa hapa hapa nchini, Kibaha. Ni tone moja kwenye jicho moja, kwa jogoo mkubwa na kwa kifaranga wa jana vilevile. Inarudiwa kila miezi mitatu. Na kuku aliyechanjwa anaweza kuliwa, mayai yake yanaweza kuliwa. Maneno yanayozunguka kwamba chanjo inafanya kuku watage mayai matupu hayana msingi.

Shida iko hapa. Kichupa kimoja kinatosha kuku wengi kuliko wa mji mmoja, na kikifunguliwa kinatakiwa kiishe siku ile ile. Mwenye kuku sita hawezi kukinunua peke yake. Ndiyo sababu ushirika ukaingia. Mchango tuliokubaliana kwa kila kuku haufiki bei ya yai moja. Hata hivyo, katika zamu ya Machi kuna vitongoji ambavyo nyumba nyingi zilifunga mlango. Mmoja alisema kuku wake ni wachache. Mwingine alisema atachanja ugonjwa ukifika. Ndugu zetu, chanjo inahitaji wiki mbili hivi kabla kinga haijawa kamili. Ugonjwa ukishaingia uani, tone la jichoni halizuii kitu, na watu watasema chanjo ndiyo iliyoua. Kuku wasiochanjwa ndio wanaowapa wengine ugonjwa, na kuku hawajui mpaka wa uwanja wako na wa jirani. Vifaranga wa jirani walioanguliwa baada ya zamu ya Machi hawana kinga yoyote.

Kuna jambo jingine ambalo tumelizungumza kwenye kamati kwa uchungu, na tumeamua kulisema wazi. Kuku wakianza kusinzia, watu wanawakimbiza mnadani wauze upesi kabla hawajafa. Tunajua kwa nini. Ni njaa ya fedha, si ubaya. Lakini anayemnunua ni nani? Ni mwenzako wa kijiji cha pili, au huyu huyu mfugaji mpya aliyeuza alizeti yake. Mdondo hausafiri na upepo peke yake, unasafiri ndani ya tenga. Mkutano umekubaliana: ukiona dalili, usiuze, usimpe shemeji zawadi ya kuku, usiwafungue. Mwambie balozi siku ile ile. Waliokufa wachome au wafukie kina cha mkono mzima, mbwa wasifukue. Manyoya na matumbo usitupe jalalani. Na wanunuzi wenye baiskeli na bodaboda wasiingize matenga yao uani kwa mtu, kuku wapelekwe barabarani.

Akina mama wamesema jambo moja kwenye mkutano ambalo tunaliandika kama lilivyo. Wamesema kuku wakiwa watano ni wa mama, wakiwa hamsini wanakuwa wa baba. Palikuwa na kicheko kikubwa, lakini walisema kweli. Anayewafungia jioni na kuwapa maji ndiye anayejua yupi anasinzia. Basi siku ya mafunzo ya kuchanja aje huyo, na jina litakaloandikwa kwenye daftari la chanjo liwe lake.

Zamu ijayo ni wiki ya pili ya Juni. Wachanjaji wetu wanne watapita nyumba kwa nyumba alfajiri, kitongoji kimoja kila siku, kwa mpangilio uliobandikwa chini ya karatasi hii. Jioni ya siku iliyotangulia fungieni kuku wote, na asubuhi msiwafungulie mpaka mchanjaji afike. Kuku anayeumwa mtengeni, mwonyesheni, msimfiche. Watoto wasaidie kushika, lakini anayedondosha ni mchanjaji tu, na mikono ioshwe baadaye kwa sabuni, maana tone likiingia jichoni kwa mtu linaleta macho mekundu.

Wafugaji wapya ambao hawajaandika idadi ya kuku wao waandike kwa Katibu kabla ya Jumamosi, ili tujue vichupa vya kuagiza. Wenye kuku watatu nao waandike. Mafunzo ya kusuka tenga la kulelea vifaranga ni Jumapili saa kumi jioni, chini ya mkuyu wa ghalani. Kila mtu aje na fito zake na panga.

Kamati ya Mifugo Midogo